Kurasa Mbili Zinazotazamana

Jumamosi, chini ya kanisa la Kilutheri, Duluth,
mabomba ya mvuke yanakohoa ukutani.
Nje theluji imemeza magurudumu ya magari,
nasi wanawake saba tumeinamia meza ndefu
kama watu wanaochambua mchele.

Ardith Lindquist ana miaka sabini na tisa
na kabati zima la karatasi zilizopangwa kwa rangi.
Ananitazama nikimwaga bahasha yangu:
mistari ya bluu kutoka duka lililokwisha kufungwa,
mawaridi yaliyofifia, niliyoyabandua ndani ya droo ya mama,
madoadoa ya haradali,
na drafti nyekundu, nzito, kama shati la mkata magogo.
"Hizi," anasema, "hazijawahi kusalimiana."

Najua. Ndiyo maana nimezileta.

Ukurasa wa kushoto ni wa Gordy, kule Hibbing,
ambako vumbi la chuma hupaka hata theluji.
Drafti ni yake; alioa nayo, akaondoka nayo.
Wa kulia ni wangu: mawaridi.
Si kwamba mimi ni mtu wa maua,
ila nyumba niliyopanga ina maua kuta zote
na sijapata nguvu ya kuyakwangua.
Signe, miaka tisa, hulala kwangu
Jumatatu hadi Alhamisi, siku zilizobaki kule,
mswaki mmoja kila upande.

Lila na fila hazitangamani, wanasema.
Mimi nilikata lila kipande cha inchi mbili,
nikakipachika ubavuni mwa fila,
nikarudi nyuma hatua tatu, nikafumba jicho moja.
Vikapigana.
Maua yakaipigia drafti kelele,
drafti ikajibu kwa sauti ya mlevi.

Ardith hakucheka.
Alichukua yale madoadoa ya haradali,
akakata ukanda mwembamba kama utambi,
akaulaza chini, ukingo hadi ukingo,
ukavuka bonde la katikati bila kubisha hodi.
"Rangi moja, irudie mara tatu.
Jicho ni mgeni: lioneshe pa kukaa."
Kisha kifungo cha haradali, juu, kushoto.
Ya tatu sikuiona mpaka aliponigusisha kidole:
ilikuwamo tayari ndani ya waridi,
kwenye kiini cha ua,
haizidi punje ya mtama.

Sasa picha.
Tunayo moja tu, sote watatu,
ufukweni mwa Ziwa Superior, mwezi wa nane,
midomo ya bluu kwa baridi ya maji.
Ni pana. Lazima ivuke bonde.
Lazima ikatwe.

Nikapima. Nusu kamili
ilipita usoni mwa Signe,
kati ya jino lililong'oka na lililobaki.
Nikapima tena, kana kwamba rula ingenihurumia.
Wenzangu walikuwa kwenye kahawa,
mmoja akisimulia goti lake, daktari, goti.

Kwani nani alisema iwe nusu kwa nusu?

Nikaisogeza picha inchi moja na robo
kuelekea Hibbing.
Mkasi ukapita kwenye mkono wa sweta yake,
kwenye sufu, si kwenye nyama.
Signe akawa kule, mzima, na pengo lake.
Kwangu vikabaki vidole vyake vinne
vimeng'ang'ania pindo la kanzu yangu ya kuogelea,
na maji, maji mengi,
na mbwa wa mtu tusiyemjua
aliyekuwa akipita nyuma yetu, nikamkata mkia.
Nafasi tupu sikuijaza.
Ardith alinisogezea sanduku la vibandiko,
kisha akalirudisha polepole.

Jumatatu Signe alivua buti, akafungua albamu.
Alipitisha kidole juu ya ukanda wa haradali,
kwa baba, bonde, kwa mama, bonde, kwa baba.
Nilingoja swali nililolijua.
"Mbona mbwa hana mkia?"
"Uko ukurasa wa pili."
Akautafuta, akauona,
akafunga albamu, akafungua, akafunga tena,
sikio lake karibu na jalada,
akisikiliza kama umefika.